Baba Hana Mti

Kitabu chenyewe hakikuwa cha watoto, ukiniuliza mimi. Binti yangu alikileta kutoka maktaba ya pale Norsborg alipokuwa darasa la pili, na nilipokifungua mezani nilidhani amekosea rafu. Ndani hakukuwa na dubu aliyevaa suruali wala bata anayekwenda dukani. Kila ukurasa ulikuwa na mti, na kila mti ulikuwa na wakazi wake: nyoka waliojisokota wakawa shina, ndege waliokaa mahali pa majani, paa aliyesimama chini na pembe zake zikapanda, zikatawanyika, zikawa matawi. Hapakuwa na sehemu iliyoachwa tupu. Ndani ya kila jani na kila mguu mchoraji alikuwa amejaza nukta, au vistari, au vimwezi, vidogo vidogo kama ulezi uliomwagika mkekani.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na maelezo, na binti yangu alinisomea, maana Kiswidi cha vitabu wakati ule kilikuwa bado kinanipiga chenga. Wachoraji walitoka kwenye makabila ya msituni, katikati ya India. Zamani walichora kwenye kuta za udongo za nyumba zao siku za harusi na sikukuu. Kila mchoraji alikuwa na namna yake ya kujaza picha, huyu nukta, yule vistari, na ukishaizoea namna hiyo unajua ni mkono wa nani hata bila kuambiwa.

Nikasema kirudishwe kesho yake. Miti yenye macho si kitu cha kumwonyesha mtoto kabla ya kulala.

"Leta nione," akasema mama mkwe wangu kutoka kwenye kochi.

Akakichukua, na hakunirudishia.

Lazima nikueleze habari za mama mkwe wangu, kwa sababu bila yeye hakuna hadithi. Alikuwa mtu wa milimani, upande wetu wa mashariki ya Kongo, mama mwembamba ambaye hakwenda shule hata siku moja. Tuliishi ghorofa ya nne, yeye, mimi na binti yangu, na yeye alikaa dirishani juu ya maegesho ya magari amevaa sweta mbili na kitenge. Baridi ikianza alikuwa hatoki, na kwake baridi ilianza mwezi wa nane. Hakuwa na shida na mtu. Alikuwa tu kimya, kimya kile kinachokufanya uongeze sauti ya redio.

Mimi nilikuwa wa mjini, kule chini kando ya ziwa. Vita vilipotufikia nilikuwa na mimba kubwa. Mume wangu alinipandisha kwenye lori pamoja na majirani, akasema anapanda mlimani kumchukua mama yake, halafu watanifuata. Alikuwa amevaa shati lenye mistari ya buluu, ambalo nilikuwa nimelifua jana yake na likakauka vibaya kwa sababu ya mvua. Nilimwambia abadilishe. Akacheka.

Mama mkwe alifika kwenye kambi ya wakimbizi nilikokuwa baadaye sana, mtoto akiwa ameshaanza kukaa. Alifika peke yake. Nilimuuliza mwanawe yuko wapi, akanijibu, "Tulipotezana mu njia. Batu balikuwa bengi." Hilo ndilo jibu alilonipa siku ile, na ndilo alilonipa kila nilipomuuliza tena, bila kuongeza neno, bila kupunguza. Tukaletwa Sweden sote watatu na jibu hilo hilo.

Sasa fikiria maisha yangu. Nilifanya kazi kwenye nyumba ya wazee huko Tumba, nikiwaosha na kuwalisha. Mzee akifariki, wenzangu Waswidi waliwasha mshumaa na kufungua dirisha kidogo, ili aende. Wakaja watoto wake, wakasaini, wakalia kidogo kwa adabu, wakanywa kahawa. Nilikuwa nawaonea wivu. Ndiyo, wivu, nasema wazi. Wao walijua. Mimi nilikuwa mke wa mtu kwenye karatasi za serikali, na kila simu yenye namba nisiyoijua niliikimbilia. Niliandikisha jina lake kwa watu wanaotafuta waliopotea, na kila mara walinijibu kwa upole kwamba hawana jipya.

Halafu akatokea mwanamume kanisani kwetu. Alikuwa Mkongo mwenzetu, mjane, anayeunganisha vipuri vya malori kiwandani huko Södertälje, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache. Alinipeleka nyumbani na gari lake Jumapili kadhaa, na mwishowe akasema anachotaka. Sikukasirika. Nilitaka pia. Lakini mchungaji alituketisha kwenye viti vya plastiki baada ya ibada, akakuna kidevu, akasema:

"Mama, mi nitabafungisha ndoa namna gani? Na kama bwana yako anatokea kesho? Uliza kwanza ule mama mukwe yako. Kama anajua kintu, aseme."

Nilimuuliza tena. Batu balikuwa bengi, akasema, akageukia dirisha.

Basi nilipoona amekishika kile kitabu, na mtoto amejisogeza ubavuni mwake, nilifurahi kwa sababu ndogo tu: walikuwa wanaongea. Bibi na mjukuu walikuwa na shida ya siku zote za nyumba zetu huku. Bibi alisema kwa Kiswahili cha kwao, mtoto akaelewa, akajibu kwa Kiswidi, bibi akabaki anatabasamu. Lakini juu ya kitabu kile haikuwa shida. Binti yangu alifungua, bibi akaweka kidole.

Nilikuwa jikoni natwanga sombe, majani ya muhogo, kwa mashine, nasikia vipande vipande. "Huyu njo baba yangu," alisema akiuonyesha mti wa nyoka. "Huyu njo mukubwa yangu, ule alikufa na mimba." Mti wa ndege ulikuwa wa mjomba wake fulani mpiga filimbi. Mwanzoni nilidhani anatunga. Baadaye nilikumbuka kwamba kule kwao milimani makaburi hayana saruji kama yetu ya mjini. Mtu akizikwa hukatwa fimbo ya mti fulani ambao ukiuchomeka ardhini huota wenyewe, ikasimikwa pale kichwani. Ukipita uwanjani kwa watu unaona miti imejipanga, na wenyeji wanakwambia huyu babu, huyu shangazi. Mama mkwe wangu alikuwa amefungua kitabu cha Wahindi akaona makaburi ya kwao, na hakushangaa hata kidogo kwamba yamechorwa. Kwake, hao watu wa msituni walijua wanachofanya: kila mti una mtu, na kila mtu ana mjazo wake.

Tulikiazima, tukaongeza muda, tukakirudisha, tukakiazima tena. Mama wa maktaba akimwona tu binti yangu alikitoa chini ya kaunta kabla hajaombwa.

Kulikuwa na ukurasa mmoja tu ambao bibi hakuugusa. Ulionyesha paa aliyelala chini ya ardhi, amekunja miguu, na mizizi imemzunguka. Akifika hapo alishika karatasi mbili kwa pamoja na kuzipindua. Binti yangu aliniambia, kama anavyokwambia mtoto kwamba fulani hapendi karoti. Nikasema bibi anaogopa maiti, mwache.

Msimu wa majani kuanguka, shule ilituita wazazi kwa mazungumzo, kama ilivyo kawaida yao: wewe, mwalimu na mtoto wako, kwenye viti ambavyo goti linagusa kidevu. Mwalimu alikuwa msichana mpole mwenye nywele nyeupe kabisa. Alisifu hesabu. Alisifu kusoma. Kisha akaonyesha ukutani, akasema darasa limechora miti ya ukoo na wa binti yangu ni wa pekee, angependa anieleze mwenyewe.

Wenzake walikuwa wamechora mti mmoja wenye matufaha, na kwenye kila tufaha jina. Binti yangu alikuwa amechora msitu. Kila mtu na mti wake, na ndani ya kila mti mjazo tofauti: nukta za babu, vimwezi vya shangazi, mawimbi ya mpiga filimbi. Ilikuwa kazi ya siku nyingi. Nikaanza kujivuna. Halafu nikaona chini kabisa, upande wa kulia, mtu amelala ubavu amekunja miguu. Hakuwa na mti. Juu yake karatasi ilikuwa imechakaa, kama pameandikwa kitu kikafutwa kwa nguvu. Na mtu huyo alikuwa amejazwa mistari ya buluu kutoka shingoni hadi kiunoni.

Sikuwahi kumweleza mtoto lile shati. Kwa nini ningemweleza? Nilimwonyesha picha moja tuliyonayo ya baba yake, ya pasipoti, na ndani yake amevaa koti.

"Huyu nani?" nikauliza, na nilijua.

"Pappa," akasema. "Pappa har inget träd." Baba hana mti. Akaendelea kwa Kiswidi chake safi, akimtazama mwalimu kwa sababu ndiye aliyekuwa anatoa alama: bibi alimfunika na mawe tu, kwa sababu hakuwa na panga.

Neno panga alilisema kwa Kiswahili. Hakujua lingine. Mwalimu akanigeukia huku bado anatabasamu, akauliza panga ni nini. Nikamjibu ni kisu, kisu kikubwa. Tabasamu likatoweka. Nilimwona anatafuta la kufanya, akaniletea karatasi ya kupangusia mikono kutoka kwenye sinki la darasa, ile ya rangi ya kahawia, ngumu. Niliishika. Sikuwa na machozi ya kufuta. Nilimshukuru, nikamvalisha mtoto koti, nikatembea naye hadi nyumbani nimemshika mkono kwa nguvu mpaka akalalamika.

Mama mkwe alikuwa mahali pake dirishani. Nilimpeleka mtoto chumbani na kumfungulia televisheni.

"Shati," nikasema. "La mistari ya buluu. Mama, ulimwambia mtoto."

Hakujifanya hajui. Alikunja mikono ndani ya kitenge.

"Nilimuzika mi mwenyewe," akasema. "Na mikono tu na kijiti. Udongo ilikuwa nguvu. Nilimufunika mawe. Kule nyuma bangali banapiga masasi."

"Miaka yote hii! Miaka yote unaniona nangoja, unanitazama tu!"

"Sikumupandia muti."

"Mti gani, Mama? Mti gani tena?"

"Mukamwana, sikia. Kwetu mutu akizikwa banamupandia kijiti. Kile kijiti kikishika, kikitoa jani, njo tunalia. Njo tunasema: fulani alikufa. Kabla ya pale hatusemi. Ukisema kabla, ni weye unamuua. Mi sikukuwa na panga. Nilishika tawi na mikono, nikavuta, nikavuta, ikakatala. Nikasema nitarudia na panga. Kisha ikakuwa kambi. Kisha ndege. Kisha huku."

"Na mtoto? Mbona yeye ulimwambia amekufa?"

Akanitazama kama mimi ndiye niliyekosa adabu.

"Sikumuambia alikufa. Nilimuambia pahali alilala, na shati alivaa."

Nilimchukia. Siwezi kulipamba hilo. Alikuwa mama mzee aliyemzika mwanawe wa pekee kwa kucha zake, na nilimchukia kama mtu aliyeniibia. Nilikwenda bafuni nikaipiga ngumi mashine ya kufulia. Nilijaribu kulia, kwa sababu nilidhani hicho ndicho kinachofuata, na hakuna kilichokuja. Machozi yangu yalikuwa yamekaa kwenye foleni muda mrefu mno, hayakuamini kwamba namba yao imeitwa.

Tuliishi hivyo kwa majuma, tunapishana kwenye korido kama wapangaji. Nilimwekea chakula, akala. Mwanamume wa Södertälje alipiga simu na sikupokea. Ningemwambia nini? Nimekuwa mjane kwenye kiti cha mtoto?

Kabla ya Krismasi shule ilitoa picha ukutani, na binti yangu akaleta msitu wake nyumbani, akautandaza mezani. Nikamuuliza pale juu ya baba palifutwa nini. Akasema alimchorea mti, mzuri kuliko yote, na bibi alipouona akamwambia aufute, asidanganye watu.

Nilipandwa na hasira upya. Nilichukua penseli nikaipiga mezani mbele ya mama mkwe.

"Basi mpandie wewe," nikasema. "Msitu wa hapa si wetu, panga hatuna, na kule haturudi. Wahindi wako wanapanda kwenye karatasi. Penseli hiyo. Mpandie."

Nilisema kwa dhihaka. Yeye hakusikia dhihaka. Akavua sweta ya juu, kama mtu anayetaka kufanya kazi. Akaishika penseli kwa ngumi, ncha chini, kwa kuwa hakuwahi kushika penseli maishani. Akaikandamiza karatasini juu ya kichwa cha mwanawe, akavuta. Mstari mmoja mfupi, umepinda. Karatasi ikatoboka kidogo pale ulipoanzia.

Binti yangu alikuwa ameshashika kalamu ya kijani. Bibi akamzuia mkono.

"Ngoja," akasema. "Kishike kwanza."

Tukaibandika karatasi kwenye mlango wa friji. Na nataka uelewe kwamba hakuwa anacheza. Kila baada ya siku chache mtoto aliuliza kama kimeshika, na bibi alisogea hadi kwenye friji, akainama, akatazama kile kijiti kwa makini, akasema bado. Majira ya baridi yakaisha. Mibetula, miti ya magome meupe ya kwenye maegesho, ikatoa majani hadi ikazidi, na jikoni kwetu bado. Mimi nami, nikiwa mtu mzima mwenye akili timamu, niliposimama kuchukua maziwa nilikuwa natupa jicho. Nilimwambia yule mwanamume avumilie. Alivumilia hadi msimu wa majani kuanguka, akamwoa mwingine, mwanamke mzuri, nilikula pilau ya harusi yao. Mchungaji hakuniuliza tena.

Mama mkwe aliugua moyo majira ya baridi yaliyofuata. Haikuchukua muda. Nilipofika wodini muuguzi alikuwa ameshafungua dirisha kidogo, na hewa ya baridi ilikuwa inaingia juu ya kile kitambaa chake cha kichwa. Nikalifunga. Yeye na baridi hawakuwahi kupatana.

Tulimzika kwenye makaburi ya huku kusini, jeneza jeupe, kwaya ya kanisa ikitetemeka ndani ya makoti. Baadaye nilimfuata msimamizi wa makaburi nikamuuliza kama naweza kusimika kijiti kichwani pake, mti mdogo tu. Alivua kofia yake kwanza. "Tyvärr," akasema, neno lao la kusikitika, na akanieleza kwamba yanaruhusiwa maua mafupi, mizizi ya miti inavuruga makaburi ya wengine. Alikuwa sahihi. Makaburi yao yamebanana kama sisi ghorofani.

Tukarudi nyumbani mchana, mimi na binti yangu, tumevaa bado nguo nyeusi. Nikaweka maji ya chai. Yeye alikwenda kwenye friji akaibandua karatasi, akaileta mezani. Pembeni ya baba yake alichora mtu mwingine amelala, akamjaza mraba mraba wa kile kitenge. Kisha akashika penseli kwa ngumi, ncha chini, akavuta mstari mmoja juu ya kichwa cha bibi. Mmoja tu.

Halafu akaniuliza kuhusu kile kingine, cha baba. Aliuliza kwa Kiswidi, kama siku zote, kama kimeshika. Nikafungua kinywa kumwambia sijui, aulizwe bibi. Lakini hapakuwa na mwingine tena wa kuinama kutazama. Nilibaki mimi, mtu wa mjini, wa makaburi ya saruji.

Nikainama. Nikatazama kile kijiti kilichopinda na tundu lake dogo la karatasi. Nilikitazama muda mrefu, birika likachemka na kujizima.

"Kimeshika," nikasema.

Nikachukua kalamu ya kijani nikachora jani moja, baya, kama kijiko. Na kabla sijarudisha kifuniko cha kalamu sauti ilinitoka, sauti ya kwetu, ile inayoanzia tumboni, nikamwita mume wangu kwa jina lake, mchana kweupe, ghorofa ya nne. Niliita na sikuweza kuacha. Jirani wa chini akaanza kugonga bomba la joto.

Binti yangu alisikiliza kidogo. Akaenda kwenye droo, akatoa mwiko, akapiga magoti kando ya bomba, akamgongea naye kwa nguvu zake zote mpaka jirani akanyamaza. Mimi niliendelea.